Jirani wa Waithaka

Waithaka iko magharibi ya Nairobi, katika Dagoretti. Ukitoka katikati ya jiji hufuata barabara ya Ngong mpaka Dagoretti Corner, kisha hukata kulia kupitia Riruta, na safari iliyo fupi kwenye ramani hurefushwa na msongamano wa magari. Udongo wake ni mwekundu. Vishamba vya migomba na majani ya ng'ombe vimebanwa na majumba ya mawe ya wapangaji. Mtu wa Mombasa akifika mwezi wa Julai bila ya koti atajuta. Jumapili, makanisa ya mawe na ya mabati hushindana kwa vipaza sauti tangu asubuhi.

Nilikwenda kumtazama mpwa wangu aliyejifungua. Mtoto hajambo, alhamdulillahi, na habari zake si za ukurasa huu. Nataka kumsimulia jirani yao wa mlango wa pili, mwalimu mstaafu wa hisabati. Mpwa wangu alinitajia habari zake kwa kunong'ona, kama atajaye ugonjwa: "Mjomba, ni mtu mwema sana, lakini hana dini."

Mwenyewe hakunong'ona. Alilelewa kanisani, akaimba kwaya, kisha imani ikamtoka kidogo kidogo bila ya kisa kikubwa. "Sijaona cha kunifanya nisadiki," aliniambia, "wala sijaacha kutafuta." Mamake alipofariki, yeye akiwa kifungua mimba aliombwa aongoze sala kaburini. Akasimama, akawashukuru waliokuja, akaeleza jinsi mama alivyowasomesha kwa kuuza maziwa, akaketi. Nduguze hawajasema naye tangu siku hiyo. "Maneno ya sala ninayajua yote," alisema. "Ningeyasema, wote wangeridhika, na mama ningemzika kwa uongo."

Najua wako watakaouliza kwa nini nilikaa na kunywa chai ya mtu huyu siku mbili. Nilikaa kwa sababu Qur'ani, katika Sura An-Nisaa, inawasema kwa ukali wanaoinuka kuswali kwa uvivu ili waonekane na watu, na huyu alipoteza nduguze kwa kukataa jambo hilohilo.

Aidha, sehemu zile si ngeni kwa watu wanaoacha walichofundishwa. Mwaka 1890 Lugard alijenga ngome Dagoretti baada ya kuapishana na Waiyaki wa Hinga; kiapo hakikudumu, na mwaka 1892 Waiyaki alifia Kibwezi akipelekwa pwani, mfungwa. Misheni ya Waskoti ilitia mizizi karibu na hapo, Thogoto. Ulipozuka mgogoro wa tohara ya wasichana mwaka 1929, Wakikuyu wengi waliyaacha makanisa ya wamisheni wakajenga ya kwao, pamoja na shule zao. Baadhi yao waliishia katika Kanisa la Orthodox la Alexandria, ambalo leo lina seminari Riruta. Lakini hao walitoka nyumba moja ya ibada wakaingia nyingine. Mwalimu ametoka, na hajaingia popote.

Wenzake wapo. Katiba ya mwaka 2010, ileile inayozitambua mahakama za Kadhi, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri katika kifungu cha 32. Chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa Nairobi mwaka 2016, kikasimamishwa baada ya miezi michache, kisha kikarejea. Mwaka 2021 katibu wake, Seth Mahiga, alijiuzulu akisema amempata Yesu, na nchi ikacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema mtu anayebadili rai yake hadharani, kwa upande wowote, amelipa gharama.

Nilimkumbusha Nabii Ibrahim, amani imshukie, aliyeomba aonyeshwe jinsi wafu wanavyohuishwa ili moyo wake utulie. Akafikiri kidogo, akajibu: "Yeye alikuwa na imani, akataka utulivu. Mimi hata hiyo ya kuanzia sina." Sikuwa na jawabu la papo hapo. Usiku nikamkumbuka Imamu Ghazali, ambaye katika kitabu chake Al-Munqidh anaeleza kuwa kwa muda wa karibu miezi miwili hakuweza kuyaamini hata macho yake wala akili yake, na kwamba kilichomponya hakikuwa hoja iliyopangwa bali nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Asubuhi nikamsimulia.

"Nuru hiyo haijanifikia," akasema. "Anayeingoja afanye nini?"

Nikamwambia asome, aulize, na asiseme uongo wakati wa kungoja. Hilo la tatu alilijua kabla yangu.

Jioni alitusindikiza msikitini Kawangware. Hakuingia. Aliketi kwenye benchi penye viatu, mlango ukiwa wazi, mpaka tulipomaliza Magharibi. Njiani kurudi, katikati ya wauza mahindi ya kuchoma na kelele za matatu, aliuliza: "Mlipoweka paji la uso chini, imamu alinyamaza. Mlikuwa mkisema nini?"

Nikamwambia, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili. Akayarudia kwa Kikuyu, polepole, kama mtu anayekagua hesabu mstari kwa mstari.