Dodoma na Kurudi, na Deli la Maziwa

Semina ilikuwa Dodoma, mtoto hajatimiza miezi sita, na titi ndilo chakula chake pekee. Likizo ya uzazi, zile siku 84 ambazo sheria hutupa, ilikuwa imekwisha. Nilishazoea kumwacha mchana, lakini kulala mbali naye bado. Mama yangu akapanda basi kutoka Tanga, akaja Dar kunishikia mtoto. Alipofika tu akaniambia, "Wewe nenda, mwanangu, ila maziwa yake yaache ya kutosha."

Kuyaacha kulianza wiki kadhaa kabla ya safari. Alfajiri, mtoto akishanyonya, nilinawa mikono kwa sabuni nikakamua yaliyobaki, maana saa hizo titi huwa na maziwa mengi. Niliyapooza kwanza kwenye friji, ndipo nikayahamishia friza, katika vikopo vidogo vyenye mfuniko, kila kimoja mililita 60 hadi 120. Kipimo kidogo huyeyuka upesi, na mtoto akibakiza hupotezi mengi. Juu niliacha nafasi, kwa kuwa maziwa yakiganda hutanuka. Kila kikopo kilibandikwa tarehe, kikawekwa nyuma kabisa ya friza, si mlangoni ambako joto huingia kila anayepita akifungua. Katika friza yenye mlango wake, maziwa hubaki katika ubora wake hadi miezi 6. Nafasi zilizobaki nikazijaza chupa za maji ili zigande, kwani umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi muda mrefu zaidi.

Usiku wa kuamkia safari nikakaa na Mama jikoni kumpa maelekezo. Kikopo cha kesho kihamie friji leo usiku, cha tarehe ya zamani kikitangulia. Yakishayeyuka yote yatumike ndani ya saa 24, wala yasirudishwe kuganda. Kuyapasha moto ni kukitia kikopo kwenye bakuli la maji ya vuguvugu; si jikoni motoni, wala si kwenye maikrowevu, ambayo huacha sehemu za moto za kumuunguza mtoto. Mafuta yakielea juu si kuharibika. Yatikise taratibu yachanganyike. Amnyweshe kwa kikombe kidogo, kwani kikombe husafishika kirahisi kuliko chupa. Hapo alikubali yote. Nilipofika kwenye yale anayobakiza mtoto, kwamba baada ya saa 2 yamwagwe, akaguna: "Jasho lako hilo, nilimwage?" Nikamweleza kuwa mate ya mtoto yameshaingia humo pamoja na vijidudu vyake. Akanyamaza, nikajua amekubali shingo upande.

Asubuhi nikashika treni ya SGR. Kwenye ukaguzi wa mizigo askari alilitazama deli langu dogo. "Mama, humu mna nini?" Nikamfungulia: chupa za maji zilizoganda, vikopo vitupu vilivyooshwa na kukauka, pampu ya mkono. Akatabasamu, akanipisha.

Sijawahi kuiona nchi ikibadilika haraka vile. Pugu ikapita, tukavuka Ruvu, Milima ya Uluguru ikasimama kushoto tulipokaribia Morogoro. Kilosa tukaingia na kutoka kwenye mahandaki, watoto ndani ya behewa wakishangilia kila giza linapoingia. Kelele zao ziliniamsha matiti. Yalijaa yakauma, nami nikajitanda khanga, nikanawa kwa maji ya chupa na sabuni, nikakamua pale pale kitini. Mama wa makamo niliyeketi naye alinishikia mfuniko bila kuulizwa, akasema, "Sisi zamani tulikuwa tunayakamulia chini." Kikopo kikaingia delini, kimegusana na barafu. Nje mibuyu ya Ugogo ilikwishaanza.

Chumba nilichofikia hakikuwa na friji. Dada wa mapokezi alinipeleka jikoni, tukapanga vikopo vyangu rafu ya ndani ndani, vikiwa kwenye mfuko uliofungwa wenye jina langu, mbali na nyama mbichi. Chupa zangu za barafu zikaingia friza kugandishwa upya. Ndani ya friji yenye nyuzi 4 maziwa hukaa hadi siku 4, hivyo hesabu yangu ya kurudi nayo ilitosha. Nje ya friji ni saa 4 tu, tena kwa joto lisilozidi nyuzi 25. Dodoma usiku huweza kuwa hivyo. Dar msimu wa joto, sahau.

Semina ilikuwa na vipindi virefu. Mratibu alinipa ofisi yenye kitasa kinachofunga, nikawa natoka kila baada ya saa tatu hivi. Mshiriki mmoja akaniuliza kwa nini nisisubiri jioni. Titi lisilokamuliwa hupunguza utengenezaji wa maziwa, nalo likijaa mno huweza kuziba na kuvimba hadi homa. Kutoka kwangu ukumbini kulikuwa kwa ajili ya chakula cha mwezi ujao pia.

Wakati wa kurudi deli lilijaa. Maziwa yaliyozungukwa na barafu ndani ya deli lililofungwa vizuri hustahimili hadi saa 24, na treni ni ya saa chache tu. Nilipofika nyumbani chupa za chini zilikuwa bado mawe. Mama alinionyesha kikombe, akasema mtoto alikinywea kama mtu mzima, na kwamba yaliyobaki aliyamwaga, "japo roho iliniuma."

Mama unayejiandaa kwa safari kama hii, huhitaji vifaa vya bei kubwa. Mikono safi, chombo safi chenye mfuniko, baridi isiyokatika na tarehe iliyoandikwa vinatosha kwa mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati. Akiwa njiti au mgonjwa, fuata maelekezo ya hospitali yake. Nanyi waajiri, sheria imeshawataka mumpe mama hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Ongezeni chumba chenye kufuli, kiti, bomba la maji na friji ndogo.