Picha za Kale za Nachingwea

Picha ya kale isiyojulikana ilipigwa mahali gani haina faida kubwa kwa Taifa. Nasi tukizichunguza zile zilizobaki kutoka Nachingwea, twaona kuwa maandishi ya mkoloni mara nyingi hutaja mashine na bwana wake, lakini si mtaa, wala wananchi waliong'oa visiki.

Hivyo yatupasa kuanza na vitu vyenyewe. Ikionekana reli, picha ni ya tangu 1949, wakati mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza 1947 ulipofikisha garimoshi Nachingwea. Wala haizidi sana 1962, kwani mwaka huo njia ilifungwa, kisha vyuma vyake vikang'olewa. Jina nalo lataka hadhari: picha iliyoandikwa "Nachingwea" kabla ya 1995 yaweza kuwa ya Ruangwa, iliyokuwa bado haijafanywa wilaya.

Tena kuna shamba lililotiwa namba 17 kwa ajili ya karanga. Hapo ndipo, katika miaka ya 1960, palipokuwa kambi ya FRELIMO, wakafunzwa wapiganaji wa uhuru wa Msumbiji uliopatikana 1975. Asiyejua hayo ataona uwanja mtupu.

Mengi ya namna hii yamo vifuani mwa wazee wa mjini, wa Mtua na wa Ruangwa. Jengo hubomolewa, lakini mzee huutambua mwinuko wa ardhi, mwembe na njia ya kisimani. Basi picha zipelekwe kwao, na wayasemayo yaandikwe pamoja na majina ya watu, maadamu wangalipo wa kuyataja.