Mbuzi wa Mjomba

Sisi ni bwana na bibi, wakaaji wa Mulekera, hapa Beni. Tumeombwa kuandika juu ya mali ya ndoa katika desturi yetu Wanande. Lakini juu ya mali ya ndoa kila mtu anajua kusema, hata yule ambaye hajatoa kuku mmoja. Sisi tutaeleza safari moja tu, ya mwezi wa kwanza mwaka 2012, tuliyoifanya sababu ya mbuzi mmoja.

Siku ya ndoa yetu mbuzi walihesabiwa, wakatolewa, akabaki mmoja: mbuzi wa mjomba, kaka yake mama mkwe. Mjomba hakuwako. Tangu ujana alivuka kwenda Uganda, upande wa Fort Portal, akawa mtu wa kuchuma chai. Wazee walituambia: "Mbuzi huyu hatumwi kama barua. Mutampeleka ninyi wenyewe." Tuliitika, tukakaa miaka saba. Kila tukimsalimia mama mkwe, anauliza habari za watoto, kisha habari za mbuzi.

Basi tukaondoka. Kutoka Beni paka Kasindi ni kilometa 80 hivi. Wakati ule yote ilikuwa vumbi. Tulivuka kilalo cha Semliki ndani ya Parke ya Virunga, tukapita Bulongo na Lume, mlima Ruwenzori uko mkono wa kushoto. Tukavuka mpaka Mpondwe, tukapanda gari la Kasese, na toka Kasese gari la Fort Portal: mlima ungali mkono wa kushoto! Hapo ndipo tulifahamu kama tulikuwa tunauzunguka tu, na ya kwamba tunaenda kumtafuta mjomba nyuma ya mlima ule ule tunaouona asubuhi nyumbani, mawingu yakifunguka. Mpaka huu Wazungu walipatana juu yake mwaka 1910, nao Wanande wakabaki huku, Wakonzo kule. Lakini sokoni Mpondwe mama mmoja alitusalimia "Wabukire", nasi kwetu tunasema "Wavukire". Tofauti ni herufi moja.

Chai tulikuwa tunaijua. Butuhe, karibu na Butembo, iko. Ila hatukuwa tumeona vilima vizima vimefunikwa nayo, usawa kama mkeka. Tuliteremka kwenye kambi ya wachumaji tukiuliza jina la mzee. Alitoka mwenyewe, kikapu mgongoni, vidole vyeusi vya utomvu wa majani. Kiswahili chake kilikuwa kimechakaa, akachanganya Kikonzo na Kitooro.

Kwanza hakutaka kusikia neno. Alitupeleka shambani, akatuonyesha namna ya kuchuma: majani mawili na chipukizi lake, basi. Ukiongeza jani la tatu lililokomaa, chai inaharibika. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi zinatoa kilo moja ya chai kavu, na mchumaji analipwa kwa mzani, siyo kwa jasho. (Hilo alilisema akitazama pembeni, tukaelewa.) Akatuambia pia kama chai ni mti kabisa. Inabaki kiunoni sababu watu wanaikata. Idi Amin alipofukuza Wahindi mwaka 1972, mashamba mengi yaliachwa, chai ikakua ikawa msitu. Yeye na wenzake ndio waliurudisha chini kwa panga.

Jioni tulitoa bahasha. Hatukuvuka na mbuzi, sababu duane inataka karatasi za mnyama, na kusema kweli tuliona pesa ni rahisi. Siku hizi Butembo na Beni watu wanahesabu mbuzi kwa mdomo na kutoa dola kwa mkono. Tulidhani ni vile vile. Mzee alisukuma bahasha kwa kidole kimoja. "Nilichukua pesa ya watu miaka arobaini," akasema. "Kwa mtoto wa dada yangu nachukua mbuzi." Tuliona haya. Kesho yake tulienda soko, tukanunua mbuzi dume, mweusi, mkaidi. Tulimvuta kwa kamba njia yote, wachumaji wanacheka ndani ya chai. Mjomba alipokea kamba kwa mikono miwili. "Wasingya kutsibu." Akachinja siku ile ile, akaita jirani zake wote, akawaambia: "Munaona? Nina watu."

Tulirudi na majani ya chai kilo mbili, na ahadi ya kumleta mtoto wetu wa tatu akizaliwa.

Hatukumleta. Mwezi wa kumi 2014 mauaji yalianza huku kwetu, na njia ya Kasindi ikawa ya kuombea kabla ya kupanda gari. Mwaka 2018 Ebola ikaingia Beni. Mjomba alikufa katikati ya 2019, wakati Ebola ilikuwa imevuka kufika Kasese. Watoto wake walitupigia simu: musikuje, watu wa hapa wanaogopa watu wa Beni. Hatukuwalaumu. Tulifanya kilio hapa Mulekera, bila maiti, pamoja na mama mkwe, ambaye hakuwa amemwona kaka yake tangu yeye ni msichana.

Majirani walipouliza tunamlilia nani, mama mkwe aliwaeleza kwa urefu habari za mbuzi mweusi, kana kwamba yeye ndiye aliyeshika kamba.