Ile Kompresa Niliwaambia Mnunue

Wasee, kabla mtu hajaniuliza kwenye komenti: ndiyo, ile video ya kompresa ndogo, ile nilisema ni moto, nililipwa kuifanya. Si pesa mingi. Nilipewa kompresa yenyewe na kodi ya nyumba ya mwezi mmoja hapa Kitale. Kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, na mama yake bado anaambia watu wa kanisa ati kijana yuko likizo, kodi ni kodi. Nikaijaribu na boda ya jirani, tairi ikajaa chap, nikaambia kamera: hii inajaza tairi yoyote.

Aliyeniamini ni khocha wangu, ndugu ya mama. Yeye hubeba mahindi kwa trela ya ekseli moja nyuma ya pikapu. Hakuniuliza kitu, alinunua tu kwa sababu ni mtoto wao amesema.

Mwezi wa kumi na moja tukapakia magunia kumi Kitale, tunapeleka Bungoma. Gunia ni kilo 90, kwa hivyo hapo kuna kilo 900 juu ya tairi mbili, na bado hujahesabu trela yenyewe. Karibu tufike Kamukuywa, saa mbili usiku, tairi ya kushoto ikaanza kulala. Valvu ilikuwa inavuja polepole. Upepo wa dakika ishirini tu ungetufikisha kwa mtu wa pancha.

Khocha akatoa kompresa chini ya kiti. "Leo tutaona kazi ya mtoto wetu."

Kwanza waya haukufika. Soketi ya sigara iko mbele kwa dashibodi, tairi iko huko nyuma ya trela. Tukaegemeza trela kwa mawe, tukaifungua, tukaleta pua ya pikapu hadi kando yake. Ikanguruma dakika kumi. Geji ikapanda hadi 30, ikakwama hapo, na mashine ikawa moto huwezi shika. Tukaipumzisha. Kuwasha tena, fyuzi ya soketi ikaenda.

Tulishusha magunia yote kumi kwa giza, tukapiga jeki, khocha akapanda boda amekumbatia gurudumu. Mimi nikabaki kulinda mahindi, masaa matatu, baridi imenishika mpaka mifupa. Aliporudi hakuniambia neno baya hata moja. Ningependelea matusi.

Tangu hiyo siku nimesoma hii maneno kuliko vile nilisoma chuoni. Ukitafuta kompresa za trela mtandaoni, utaona wazungu wakijaza tairi za trela za mashua. Mimi nilidhani hayanihusu, kumbe shida ni ile ile: trela hukaa wiki nyingi bila kuguswa, upepo unapungua taratibu, halafu siku moja inabebeshwa mzigo wote mara moja.

Kwenye boksi imeandikwa 150 PSI kwa herufi kubwa. Hiyo ni presha ya mwisho mashine inadai inaweza kusukuma. Haikuambii inatoa upepo kiasi gani. Angalia lita kwa dakika. Ni kama mfereji: unaweza kuwa na presha kali, lakini kama unatoa tone tone, pipa litajaa kesho. Boda inaridhika na PSI kama 30. Tairi za trela yetu zinataka 50, na zina tumbo kubwa. Usikisie yako, soma ubavuni mwa tairi. Hiyo namba ni ya juu kabisa, na upime tairi ikiwa baridi, si baada ya kuendesha.

Halafu umeme. Soketi nyingi zina fyuzi ya ampea 10 hadi 15. Zidisha kwa volti 12, hata ukiwa na 15 unapata wati 180 tu. Mashine yenye nguvu haiwezi kula hapo, lazima ishikwe moja kwa moja kwa betri kwa vibanio, injini ikiwa inanguruma. Na kwa sababu betri iko mbele, nunua yenye mpira mrefu wa upepo, ufike tairi ya trela bila kufungua kitu. Soma pia inafanya kazi dakika ngapi kabla ya kupumzika. Yangu ilikuwa imeandikwa, kwa karatasi niliyotupa nikitengeneza video.

Zile za kuchaji kama simu ni sawa kwa boda na gari ndogo. Shida ni siku unaihitaji ndiyo unakumbuka hukuichaji.

Ile video sijaifuta. Nimeweka maneno juu yake: haifai trela, nililipwa. Walionilipa hawajanipigia tena. Juzi nilimpelekea khocha kompresa ya vibanio, nimeinunua kwa pesa yangu. Akaigeuza geuza, akaangalia mpira.

"Hii umeijaribu kwa trela ama kwa boda?"

Nikamwambia alete trela.