Kiti cha Nyuma Kimelala

Kwenye magari chakavu ya Rujewa na Ubaruku, harufu ya moshi ni kitu cha kawaida. Abiria akilalamika, konda anamjibu, "Gari la zamani hilo, ulitaka linukie marashi?" Watu wanacheka, safari inaendelea. Mimi kilichonitia wasiwasi si harufu, ni usingizi. Katika Hiace ya mjomba wangu, waliokaa mbele walipiga soga mpaka mwisho wa safari. Waliokaa nyuma walishuka wameshika vichwa, na watoto walisinzia hata asubuhi.

Ndani ya moshi wa injini kuna hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Ukiivuta, inaishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwanza kichwa kinauma, halafu kichefuchefu, halafu usingizi. Na usingizi huo unaweza usiwe na kuamka.

"Mjomba, tuutafute huu moshi," nikamwambia. Fundi akaja alfajiri injini ingali baridi, maana chuma kikipata moto hutanuka na kuficha ufa. Akaiwasha, akaziba kidogo mdomo wa ekzosi kwa tambara, akasikiliza. Kimya. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba; hakuna lililotoa mapovu. Kwenye gasketi hakuna masizi. Bomba zima, bwana!

Usiku tukafunga milango, fundi akabaki ndani na tochi. Mimi nje nikauona mwanga ukichungulia kandokando ya mlango wa nyuma. Mpira umekufa! Tena wakati wa mavuno mlango ule hufungwa kwa kamba juu ya magunia ya mpunga. Gari likikimbia, hewa ya nyuma yake huzunguka na kuurudisha moshi ndani. Madirisha nayo yamefungwa kukwepa vumbi la Usangu.

Mpira mpya ukanunuliwa, bomba likaongezwa urefu lipite bampa. Ugomvi ukabaki kwenye magunia.

"Mpwa wangu, magunia ndiyo faida."

Nikamwuliza kama abiria wa nyuma analipa nusu nauli. Akanyamaza. Kesho yake magunia yakapanda juu ya keria.

Nawe ukiona kiti kizima cha nyuma kimelala, usiseme barabara inawabembeleza. Simamisha gari, watoe nje wapate hewa. Asiyeamka vizuri, mkimbize hospitali.