Padri Landu na kaka yangu



Kijana wangu yuko mwaka wa sita sekondari. Mwezi uliopita alileta kitabu cha shule nyumbani hapa Mulongwe, akakitupa juu ya mkeka: "Mama, hiki hakina kichwa wala miguu." Ni Entre les eaux, yaani "Kati ya maji", cha V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefariki mwaka 2025 huko Marekani. Kilitoka mwaka 1973. Jioni, nikichagua ndagala, nilimwambia anisomee, na pale Kifaransa kinaponishinda anieleze.

Mwenye hadithi ni Pierre Landu, padri Mkongomani aliyesomea Roma. Anaacha parokia na kwenda kwa waasi porini, kwa kuwa anaona Kanisa liko upande wa wenye nguvu. Waasi nao hawamwamini. Barua aliyomwandikia askofu inakamatwa, anahukumiwa kufa, kisha jeshi la serikali linavamia kambi naye anapona. Baadaye anaoa, lakini hata katika ndoa hatulii. Anaishia katika monasteri. (Mke wake, Kaayowa, tunamwona kwa macho ya Landu tu. Hilo halikunifurahisha.)

Mimi nimewasimulia kwa mstari mmoja. Kitabu hakifanyi hivyo. Landu mwenyewe ndiye anayesema, na mara yuko kambini, mara yuko Roma, mara anasali, mara anajilaumu, wala hakuna anayekuonyesha ipi ni jana na ipi ni leo. Hapo ndipo kijana wangu alipochoka.

Mimi sikuchoka, maana nilishasikia mtu akisema vile. Kaka yangu mkubwa aliingia porini akiwa kijana, akarudi baada ya miaka miwili. Tulipomwuliza, alianza na mvua, akaruka kwenye ugali wa mama yetu, akarudi kwa mwenzake aliyeachwa njiani, akanyamaza. Kesho yake alianza mahali pengine. Tukasema anaficha. Mimi nilizidi: nilimwita mwongo mbele ya mke wake, na tangu siku ile hajanisimulia tena.

Landu hafichi kitu, na bado hawezi kujipanga. Nilimwomba mtoto arudie ukurasa ule wa kambi mara tatu, hata ndagala zikabaki bila kuchaguliwa.

Jumapili tutapanda pikipiki kwenda Kalundu, kwa kaka. Nitaanza kwa kumwomba msamaha, mke wake akiwepo. Akitaka kuanza na mvua, aanze na mvua.