Zukini Zilipotoboa Siri Yangu

Mama mwenzangu, kama umewahi kulima zukini utakuwa unaijua tabia yake. Leo asubuhi unaiona imelingana na kidole gumba, ua bado limening'inia nchani. Keshokutwa imekuwa kama mkono wa mtoto, na ukichelewa siku chache tu, imekuwa kama mguu. Haimsubiri mtu. Usipoichuma, shina nalo linazira, halileti maua mapya upesi. Kwa hiyo unachuma utake usitake, uwe na mnunuzi au usiwe naye.

Mimi ninakaa Elerai, hapa Arusha. Mume wangu ni dereva wa watalii. Mwishoni mwa Januari 2020 nilikopa shilingi laki tatu katika kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa. Nikakodi kipande cha shamba upande wa Ngaramtoni, penye maji ya mfereji, nikapanda mashina mia mbili. Hoteli moja ilikuwa imeniahidi kwa mdomo kuchukua zote, mradi ziwe changa, zisizidi shubiri moja. Mume wangu sikumwambia. Nilijisemea kwamba nitamweleza siku nitakapokuwa na faida mkononi.

Zilianza kuzaa katikati ya Machi, na Machi ile mnaikumbuka. Tarehe 16 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, tena hapa hapa Arusha. Siku iliyofuata ikatangazwa kwamba shule zinafungwa. Wageni wakakimbilia makwao, na mwezi wa Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Yule mpishi wa hoteli akanipigia simu: "Dada, usilete tena, tunafunga." Wakati huo nilikuwa nimeshachuma matenga matatu.

Nikazipeleka soko la Kilombero. Huko nikawakuta wenzangu waliolimia hoteli, nao wamekaa na brokoli na letusi zao zinanyauka. Mama mmoja akashika zukini yangu, akaigeuza, akaniuliza kama ni tango lililodumaa. Niliuza chache sana, hata nauli haikurudi. Zilizobaki nikazirudisha nyumbani, nikazificha stoo nyuma ya gunia la mahindi.

Mume wangu alirudi safari wiki ile ile. Tajiri wake aliwaambia madereva wakae nyumbani hadi watakapoitwa, bila mshahara. Siku ya pili aliingia stoo kutafuta nyundo. Nikamsikia kimya. Kisha akaita, "Mke wangu, hizi ni za nani?"

Nilimweleza yote, nimesimama mlangoni. Aliketi juu ya debe, asiseme neno kwa muda mrefu. Halafu akasema kwamba laki tatu haimuumi sana. Kinachomuuma ni kwamba akina mama ishirini wa kikundi walijua, na yeye akawa wa mwisho kujua. Sikuwa na jibu. Hata leo sina jibu zuri.

"Basi zipike," akasema, akatoka.

Nami nikazipika vibaya. Nilizichemsha kwa maji mengi kama kabichi, zikawa uji wa kijani. Zukini karibu yote ni maji, ukiiongezea mengine umeimaliza. Tulikula hivyo siku tatu. Jioni ya tatu kijana wangu, ambaye shule ya Jumapili walikuwa wamesoma habari za Waisraeli jangwani, akauliza kwa upole kama hii ndiyo ile mana waliyoichoka. Baba yake akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu arudi.

Aliyetuokoa ni mama mkwe, alipokuja kutoka Meru. Alizitazama zile kubwa, akasema, "Mwanangu, hili si mumunye tu? Mbona unalihangaikia kama dawa ya kizungu?" Akamenya lile kubwa, akalipasua, akakomba mbegu kwa kijiko, akalikata vipande. Akakaanga kitunguu na nyanya, akatia vipande, akafunika bila tone la maji. Vilipolainika akakoroga karanga za kusaga vijiko viwili. Tulikula na ugali, na mume wangu aliongeza. Kesho yake akatia nyingine katika mtori, akaiponda pamoja na ndizi, wala hakuna aliyeitambua.

Hapo nami nikapata moyo. Zile changa nilizikwangua kwa kikwangulio cha karoti, nikatia chumvi, nikaacha dakika kumi. Zinatoa maji yake zenyewe, na hayo ndiyo niliyokandia unga wa chapati, pamoja na nyama yake. Kwa nusu kilo ya unga, zukini mbili zinatosha. Usimimine maji mengine kabla hujaona unga unadai. Chapati zinakuwa laini hadi asubuhi. Kwa bajia ni kinyume chake: zikamue sana, kisha changanya na unga wa dengu, kitunguu, pilipili na giligilani. Usipokamua, zinanyonya mafuta, na mafuta ni fedha.

Kukausha nilijaribu, lakini masika ya Aprili yakaniletea ukungu. Zile zilizokomaa ngozi ngumu nilizilaza sakafuni zisigusane, zikakaa wiki kadhaa. Zilizotobolewa na wadudu alikula ng'ombe wa jirani, na jirani akawa analeta maziwa. Neno moja la tahadhari, dada zangu: kata kipande uonje kabla ya kupika. Ikiwa chungu, tupa yote. Uchungu ule ni sumu, na moto hauuondoi.

Mwezi wa Mei nilikuwa nauza bajia barazani kila jioni, na mume wangu ndiye aliyekwangua. Dereva wa watalii, mtu aliyezoea kuwaonyesha Wazungu simba, amekaa kwenye kigoda na bakuli mapajani! Majirani walimtania, naye akawauzia. Siku ya kikundi aliniambia tutakwenda wote. Alisimama nyuma yangu nilipoomba nilipe kidogo kidogo, na wenzangu walinikubalia. Shilingi ya mwisho niliilipa Desemba.

Wageni walipoanza kurudi kwa wingi, yule mpishi alinipigia tena. Nilimwambia asubiri, nikampelekea simu mume wangu aliyekuwa anaosha gari uani. Waliongea bei. Kisha akafunika simu kwa kiganja, akaniambia, "Tupande hamsini tu. Na manne mengine hapa nyuma ya jiko, ya chapati."